Chujio la koni kwenye gari la lita 1.5 ni pambo, ndugu zangu

Najua nimepotea wiki kadhaa, niwieni radhi. Nilikuwa chini ya boneti. Leo naweka kando mambo ya programu nizungumzie gari, na nitasema neno litakalowaudhi baadhi yenu: lile chujio jekundu la hewa lenye umbo la koni, pamoja na bomba lake linalong'aa, mnalofunga kwenye magari yenu madogo ili "yapumue vizuri", ni pambo. Tena ni pambo linaloweza kukuharibia injini.

Kabla hamjaanza kunirushia mawe, jueni kwamba mimi mwenyewe nililinunua.

Gari langu ni Toyota ya mwaka 2008, injini ya 1NZ-FE, lita 1.5. Mimi si fundi. Nina bisibisi mbili, seti moja ya spana na kiherehere kingi. Muuzaji aliniambia, "Bosi, hii inakuongezea nguvu za farasi kumi." Nikalipa shilingi 9,800 kwa chujio, bomba na vibanio. Jumamosi moja nikang'oa kasha la plastiki la kiwandani nikafunga kitu kipya. Nilipokanyaga mafuta, gari lilinguruma kama simba. Nikajua nimeshinda!

Sasa, mtu wa programu anafaa kuona aibu hapa. Kazini siruhusu mtu aseme "nimeharakisha mfumo" bila kunionyesha vipimo vya kabla na baada. Lakini kwa gari langu nilitumia masikio. Kelele si kasi, jamani.

Baadaye nikachomeka chini ya usukani kile kifaa kidogo kinachosoma kompyuta ya gari na kutuma data kwenye simu kwa Bluetooth. Bahati nzuri nilikuwa nimeandika vipimo vya zamani. Kwenye msongamano wa Thika Road, nikiwa na kasha la kiwandani, hewa inayoingia kwenye injini ilikuwa nyuzi 34 za Selsiasi. Kwa koni, barabara ileile, saa ileile, ilikuwa 58! Si ajabu. Kasha la kiwandani lina mdomo ulioelekezwa mbele, mbali na joto. Koni yangu ilikuwa imekaa wazi kando ya injini, inavuta hewa iliyokwisha kupikwa. Hewa ya moto ni nyepesi. Kutoka nyuzi 34 hadi 58 unapoteza karibu asilimia 7 ya uzito wa hewa. Gari likishika mwendo joto hupungua, kweli, lakini wangapi kati yetu wanashika mwendo Nairobi saa kumi na moja jioni?

Kuna jambo kubwa zaidi. Hivi ni nini kinachozuia hewa kuingia kwenye injini yako ukiendesha kawaida? Si chujio. Ni kile kilango ndani ya bomba kinachofunguka ukikanyaga mafuta. Mjini muda mwingi kimefungwa nusu au zaidi, na wewe ndiye unayekifunga kwa mguu wako. Kubadilisha chujio wakati kilango kimefungwa ni kama kupanua barabara inayoishia kwenye geti lililofungwa. Ukitaka hewa zaidi, kanyaga. Ni bure.

Na kama tunatafuta hewa iliyopotea, tuitafute ilikopotelea. Nairobi iko takriban mita 1,800 juu ya bahari. Shinikizo la hewa hapa ni karibu kilopaskali 82, wakati Mombasa ni 101. Injini isiyo na turbo inapoteza kati ya asilimia 15 na 20 ya nguvu zake kwa sababu ya mlima tu. Hakuna koni ya kurudisha hiyo.

Haya, tuje kwenye kilichonikasirisha hasa. Baada ya safari ya ushago kwenye barabara ya vumbi, nilipitisha kidole ndani ya bomba, upande ule ambao hewa inafaa kuwa imekwisha kuchujwa. Kilitoka na vumbi jekundu. Chujio la aina hii huhitaji kupakwa mafuta maalumu ili linase vumbi. Mimi nililipaka mengi mno, kama mgeni yeyote. Mafuta yakafika kwenye sensa ya kupima hewa, ambayo ni kijiwaya chembamba kinachopashwa moto. Kikichafuka, kinaiambia kompyuta kwamba hewa ni kidogo kuliko ilivyo, na kompyuta inapunguza petroli. Taa ya injini ikawaka, msimbo P0171: petroli haitoshi kwa hewa iliyopo. Siku mbili baadaye gari likazima katikati ya mzunguko, malori pande zote, mama yangu akiwa kiti cha nyuma nikimpeleka kliniki. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Si ni wewe uliyelitengeneza, mwanangu?"

Hilo swali bado linaniuma.

Najua mtaniambia kuhusu magari ya mashindano. Sawa. Injini ya turbo iliyopangiwa upya kompyuta yake, na kupimwa kwenye mashine, inaweza kufaidika na njia pana ya hewa. Sibishi. Lakini tazameni Land Cruiser za porini na magari ya Safari Rally: bomba lao la hewa hupandishwa juu karibu na paa. Kwa nini? Kukwepa maji na vumbi. Wanaoijua nchi hii hutafuta hewa safi kwanza.

Kwa hiyo mgeni mwenzangu, kabla hujamlipa mtu yeyote:

1. Fungua kasha la kiwandani utazame chujio la karatasi. Langu lilikuwa jeusi tititi! Jipya lilinigharimu shilingi 900.
2. Kagua mpira wa bomba kama una ufa, na vibanio kama vimekaza.
3. Safisha ile sensa kwa dawa yake maalumu ya kupuliza. Usiiguse kwa kidole wala kitambaa.
4. Pima, andika, kisha ndipo ubadilishe kitu. Kimoja kwa wakati.

Mimi nimerudisha kasha la plastiki. Gari halingurumi tena, lakini linawaka asubuhi na halizimi njiani. Koni iko juu ya meza yangu, nimeweka kalamu ndani yake. Kama wewe una vipimo vinavyonipinga, vilete, nitavisoma na nikishindwa nitakubali hapa hapa. Lakini lete vipimo. Usiniletee kelele.