Kocha akihama, ahadi kwa mwanafunzi isihame naye

Usiku wa tarehe 24 Juni 2024, mjini Omaha, katika jimbo la Nebraska huko Marekani, timu ya chuo kikuu cha Texas A&M ilipoteza fainali ya besiboli ya vyuo vikuu. Tennessee ilishinda mchezo wa tatu na wa mwisho kwa 6-5. Vijana wa Texas A&M walikuwa wamebakiza kidogo tu kupata kombe ambalo chuo chao hakijawahi kulipata. Kesho yake, kabla machozi hayajakauka, kocha wao mkuu, Jim Schlossnagle, alitangazwa kuwa kocha mpya wa chuo kikuu cha Texas cha mjini Austin. Si chuo cha mbali. Ni mpinzani wao wa tangu zamani, umbali wa kilomita karibu 170 kwa barabara.

Usiku ule wa fainali mwandishi mmoja wa habari alimuuliza kocha juu ya uvumi kwamba atahamia Austin. Kocha alikasirika. Alijibu kwamba alikuja Texas A&M ili asitafute tena kazi nyingine. Jibu hilo halikumaliza siku mbili.

Msomaji wa Goma, Bukavu au Uvira anaweza kuuliza: hayo yanatuhusu nini sisi? Besiboli haichezwi sana kwetu. Lakini Texas ni moja ya majimbo ya Marekani yaliyopokea familia nyingi za Wakongomani waliokimbia vita vya mashariki mwa inchi yetu. Watoto wao wanasoma huko, wanacheza huko, na wazazi wengi wanatumaini kwamba mguu au mkono wa mtoto utamfungulia mlango wa chuo kikuu ambacho wao wenyewe hawawezi kukilipia. Awe ni mtoto wa kabumbu, wa mbio, wa basketi au wa besiboli, siku moja kocha atakaa sebuleni kwao na kutoa ahadi. Ndiyo maana tunaona ni vizuri kuelewa kinachotokea kocha huyo anapoondoka na mwingine anapoajiriwa.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba kocha mkuu haji peke yake. Habari hutangaza jina moja, picha hupigwa ya mtu mmoja akivaa kofia mpya, lakini kazi ya kila siku inafanywa na wasaidizi wake. Katika besiboli kuna kocha wa warushaji, yaani wale wanaomrushia mpigaji mpira. Kuna kocha wa wapigaji, wale wenye rungu mkononi. Kuna pia anayezunguka inchi nzima akitafuta vijana wenye kipaji. Mara nyingi huyo ndiye aliyekuja nyumbani, akala na familia, akamwambia mama: “Mtoto wako atakuwa mikononi mwangu.”

Mfano wa chuo kikuu cha LSU, katika jimbo la Louisiana, unaonyesha uzito wa wasaidizi hao. Jay Johnson aliajiriwa huko kuwa kocha mkuu mwaka 2021. Mwaka uliofuata alimchukua Wes Johnson kufundisha warushaji, mtu aliyekubali kuacha kazi yake katika timu ya kulipwa ya Minnesota Twins msimu ukiwa katikati. Kijana Paul Skenes, aliyekuwa akisoma katika chuo cha jeshi la anga, alihamia LSU mwaka huohuo. Juni 2023 LSU ikachukua ubingwa, na mwezi uliofuata Skenes akawa mchezaji wa kwanza kuchaguliwa na timu za kulipwa Marekani nzima. Lakini Wes Johnson hakubaki. Kisha ubingwa ule alikwenda Georgia kuwa kocha mkuu. Kuziba nafasi yake, LSU ilimchukua Nate Yeskie kutoka Texas A&M. Texas A&M nayo ikamwita Max Weiner. Mwaka mmoja baadaye Weiner akamfuata Schlossnagle Austin. Hivi ndivyo mnyororo unavyokwenda: kila anayehama anaacha pengo, na pengo hilo linajazwa kwa kutoboa ukuta wa jirani.

Tukumbuke pia kwamba hata ndani ya kundi hilo la makocha si wote waliokula sawa. Hadi katikati ya mwaka 2023, kanuni za NCAA, shirika linalosimamia michezo ya vyuo, ziliruhusu makocha wasaidizi wawili tu wa kulipwa katika besiboli. Wa tatu aliitwa mtu wa kujitolea. Alifanya kazi asubuhi hadi usiku, alisafiri na timu, lakini chuo hakikuweza kumpa mshahara. Leo naye analipwa. Tunalitaja hilo kwa sababu linaonyesha kwamba kanuni za michezo si amri za Mungu. Watu waliziandika, na watu wanaweza kuzibadilisha pale zinapomuumiza mnyonge.

Turudi Texas A&M. Siku zilizofuata kuondoka kwa kocha, kanuni za wakati ule ziliwapa wachezaji siku 30 za kuandikisha majina yao kama wanaotaka kuhama. Kadhaa waliandikisha. Nolan Cain na Max Weiner, wasaidizi wa Schlossnagle, walikwenda naye Austin. Habari zilimtaja pia Michael Earley, kocha wa wapigaji, kuwa miongoni mwa watakaomfuata. Lakini tarehe 30 Juni chuo kilimtangaza Earley kuwa kocha mkuu mpya. Hakuwa amewahi kuwa kocha mkuu wa chuo kikuu. Wachezaji walimtaka na walisema hivyo wazi. Kisha kutangazwa kwake, nyota kama Jace LaViolette na Gavin Grahovac walibaki.

Je, uamuzi huo ulileta matunda? Mwaka 2025 Texas A&M ilianza msimu ikiwa imewekwa nafasi ya kwanza Marekani nzima katika orodha kadhaa za waandishi. Ilimaliza kwa ushindi 30 na vipigo 26, na haikuitwa hata kwenye mashindano ya mwisho wa mwaka. Grahovac aliumia mwanzoni mwa msimu. Texas ya Schlossnagle ilishinda ligi ya SEC, lakini nayo ikatolewa mapema, tena nyumbani kwake, na UTSA, chuo kidogo kuliko chenyewe kutoka San Antonio.

Wakati huohuo chuo cha Coastal Carolina kilifanya jambo linalofanana na lile la Texas A&M, na matokeo yakawa mengine kabisa. Gary Gilmore, aliyefundisha huko tangu 1996 na kuleta ubingwa wa 2016, alistaafu mwaka 2024. Chuo kilimpa nafasi hiyo Kevin Schnall, msaidizi wake wa miaka mingi ambaye pia aliwahi kusoma na kucheza hapohapo. Katika mwaka wake wa kwanza, Schnall alifikisha timu fainali ya Omaha, mahali iliposhindwa na LSU.

Kwa hiyo hatusemi kwamba kumchagua mtu wa nyumbani ni dawa ya kila ugonjwa, wala kwamba mgeni ni hatari. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Wakati mwingine mwenyeji anapona, wakati mwingine ugonjwa unazidi. Matokeo ya uwanjani hayana mwenye kuyajua mbele. Ila kuna jambo moja ambalo chuo kinaweza kulijua mbele na kulipanga: namna kitakavyowatendea wanafunzi siku kocha anapobadilika.

Hapa tuseme haki ya kocha pia. Kocha ni mfanyakazi, ana familia, na ana haki ya kutafuta kazi anayoiona bora. Vyuo vyenyewe havina huruma naye. Nafasi aliyoichukua Schlossnagle ilipatikana kwa sababu Texas iliachana na David Pierce, mtu aliyekuwa ameifikisha timu hiyo Omaha mara tatu katika misimu minane. Mwajiri anayefukuza vile hawezi kushangaa mfanyakazi akiondoka vile. Kocha anajua mchezo huo, na mikataba yake imeandikwa na wanasheria. Akifukuzwa, kuna feza zinazomsindikiza. Akihama, mara nyingi chuo kipya ndicho kinacholipa fidia kwa kile cha zamani.

Na mwanafunzi je? Yeye ndiye pekee katika hadithi hii anayebaki na maneno matupu. Kwa miaka mingi, hadi 2025, timu moja ya besiboli ya daraja la kwanza haikuweza kutoa zaidi ya ufadhili kamili wa masomo 11,7, na ufadhili huo uligawanywa vipande vipande kwa wachezaji wengi zaidi. Maana yake, vijana wengi walilipiwa sehemu tu ya kile tunachokiita kwetu minervali, na familia ilitafuta iliyobaki. Sasa kikomo hicho kimeondolewa kwa vyuo vilivyokubali mapatano mapya yaliyopitishwa mahakamani Juni 2025. Lakini kikomo kingine kimewekwa: timu isizidi wachezaji 34, wakati zamani ilifika 40. Kocha mpya anayekuja na vijana wake chini ya kanuni hiyo lazima awaambie wengine kwamba hakuna nafasi.

Watetezi wa mpango huu wanasema mwanafunzi naye ana uhuru wa kuhama. Ni kweli, na ni haki iliyochelewa kufika. Zamani kijana aliyehama alilazimishwa kukaa mwaka mzima bila kucheza, huku kocha wake akianza kazi mpya palepale. Lakini uhuru wa kuhama si sawa kwa wote. Nyota atapokelewa popote. Yule wa benchi, mwenye miaka miwili ya masomo ya uhandisi au uuguzi, akihama anaweza kukuta chuo kipya hakikubali sehemu ya masomo aliyokwisha kufaulu. Atalazimika kuyarudia, na kuyalipia. Kwake yeye, kubadilika kwa kocha kunaweza kuwa mwaka mzima wa maisha uliopotea.

Ndiyo maana maoni yetu ni haya. Chuo kinapoajiri kocha mkuu mpya, ahadi zote za masomo zilizotolewa na mtangulizi wake zihesabiwe kuwa ahadi za chuo, si za mtu aliyeondoka. Mwanafunzi aliyeko tayari, na yule aliyekwisha kukubaliwa lakini hajafika, wahakikishiwe kwa maandishi kwamba ufadhili wao utaendelea hadi muda ulioandikwa uishe, hata kama kocha mpya hataki kuwachezesha. Kikosi kiwe mikononi mwa kocha. Masomo yawe mikononi mwa chuo.

Pili, wachezaji wasikilizwe kabla ya uamuzi. Hatusemi wapige kura. Uongozi wa chuo ndio unaobeba wajibu wa kuajiri. Lakini kumwajiri mtu wa kulea vijana 34 bila kuwauliza neno ni sawa na kumtafutia mtoto mlezi bila kumwangalia mtoto usoni. Kosa la msimu mmoja, kama lile la Texas A&M mwaka 2025, haliondoi haki hiyo ya kusikilizwa.

Tatu, vyuo vikubaliane kutogusana kuhusu makocha hadi mchezo wa mwisho wa Omaha umalizike na siku chache zipite. Vijana wanaocheza fainali ya maisha yao wasisome kwenye simu kwamba mwalimu wao anatafutiwa nyumba kwa jirani. Na jina la kocha mpya pamoja na wasaidizi wake litangazwe kwa wachezaji kwanza, kisha kwa waandishi wa habari.

Kwa wazazi wetu walioko Texas na kwingineko, tunaongeza neno. Siku kocha atakapokuja nyumbani, mpokeeni vizuri, kama desturi yetu inavyotaka. Kisha muulizeni maswali haya bila haya. Ufadhili huu ni wa mwaka mmoja au wa miaka minne? Nani atatia mkono kwenye karatasi? Mtoto akiumia, itakuwaje? Wewe ukiondoka kesho, nani wa chuo atakayejibu simu yangu? Na mwulizeni mtoto wenu swali gumu kuliko yote: kama mpira ungeondolewa leo, bado ungetaka kusoma hapo? Akijibu ndiyo, basi amechagua shule. Akijibu hapana, amemchagua mtu, na mtu ana miguu.

Kocha mzuri anastahili kusifiwa, na timu yenye makocha wazuri ni furaha kuitazama. Lakini ahadi ni deni, na deni la chuo halilipwi na mtu aliyekwisha kuondoka. Kila chuo kitakachosimama mbele ya kamera kumvalisha kocha mpya kofia, kiwe kimekwisha kukaa na wanafunzi wake chumbani na kuwaambia: yule ameondoka, sisi tupo, na mlichoahidiwa mtakipata.