Jembe ni la Mama, Shamba ni la Nani?



Katika Kiswahili neno "mkulima" halina jinsia. Ngeli ya A-WA humpokea mwanamume na mwanamke kwa usawa, wala hatulazimiki kuongeza kiambishi chochote ili mama naye aingie. Lakini nikikuomba unichoree mkulima, je, utamchora nani? Wengi wetu tutachora mwanamume mwenye kofia pana, jembe begani. Sarufi imetenda haki; fikra zetu bado. Ningependa leo tulitafakari pengo hilo, kwani si pengo la picha peke yake, bali pia ni la mali.

Itazame kazi yenyewe hapa kwetu Uganda. Katika vijiji vingi, mwanamke ndiye apandaye maharage, viazi vitamu, mihogo na wimbi. Ndiye apaliliaye, na ndiye ahifadhiye mbegu za msimu ujao kwa kuzichanganya na majivu ili zisibunguliwe. Mazao hayo huitwa mazao ya chakula, na kwa kuwa ni chakula, jasho lake huhesabiwa kuwa kazi ya nyumbani. Kahawa ni zao la biashara, nalo huitwa la baba. Hata hivyo, nenda kwenye miteremko ya Mlima Elgon au vijiji vya Masaka wakati wa mavuno, uitazame mikono inayochuma buni nyekundu, kuianika, kuigeuza juani na kuiokoa mawingu yakitanda. Utawaona akina mama wengi. Siku ya kupima kwenye mizani, mara nyingi apokeaye fedha ni mwingine. Tena wako waume wauzao kahawa ingali maua mtini ili kulipa deni ambalo mke hakuambiwa. Naye huendelea kupalilia miti ambayo mavuno yake yamekwisha kuuzwa.

Kwa maoni yangu, mzizi wa hali hii ni ardhi. Katika jamii zetu nyingi, shamba hurithiwa kupitia kwa baba. Binti huambiwa kwamba kwao halisi ni kwa mumewe. Akifika kwa mumewe, huambiwa kwamba yeye ni mgeni aliyeolewa. Hivyo hulima maisha yake yote katika ardhi ambayo wengine wanaweza kuiuza au kumfukuza humo siku ya msiba. Mtu asiye na hakika ya kuwapo shambani miaka mitano ijayo ataonaje faida ya kupanda miti ya matunda au kuchimba makinga maji? Akienda benki kutafuta mkopo, ataombwa dhamana, nayo hati haina jina lake. Anayepata hasara hapa si mama peke yake. Ni nyumba nzima, na hatimaye ni taifa.

Sheria yasemaje? Katiba ya mwaka 1995 yampa mwanamke heshima kamili iliyo sawa na ya mwanamume, na yakataza mila zinazovunja utu wake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 yakubali ardhi isimamiwe kwa mila, lakini yaongeza kwamba uamuzi wa kimila unaomnyima mwanamke haki ya kumiliki, kukaa au kutumia ardhi ni batili. Katika mwaka huohuo, Miria Matembe na wenzake bungeni walipigania kifungu cha mume na mke kumiliki ardhi kwa pamoja. Sheria ilipochapishwa, kifungu hicho hakikuonekana ndani yake. Marekebisho ya mwaka 2004 hayakukirudisha. Yaliimarisha haki ya kukaa katika ardhi ya familia na sharti la ridhaa. Kwa hiyo, mume hawezi kihalali kuuza au kuweka rehani shamba ambalo familia huishi humo au hupata riziki humo bila ridhaa ya mkewe, wala mke hawezi bila ridhaa ya mumewe. Mwenzi asiye na jina kwenye hati anaweza pia kuiwekea zuio katika daftari la ardhi.

Wako wazee wanaosema kwamba haki hizi zitahamisha ardhi ya ukoo kwa watu wa nje. Hoja yao nastahili kuiheshimu, kwani ukoo bila ardhi hupoteza makaburi na kumbukumbu zake. Lakini tujiulize: ardhi ya ukoo huondokaje? Mara nyingi huondoka kwa kuuzwa na mtu mmoja, kwa siri, kwa haraka ya fedha. Sharti la ridhaa linauwekea mkono huo kizuizi. Mke anayekataa shamba lisiuzwe analilinda kwa ajili ya watoto wa ukoo huohuo.

Udhaifu uliobaki ni huu: ulinzi huo ni wa mwenzi wa ndoa, na sheria yetu haitambui kuishi pamoja tu kuwa ni ndoa. Maelfu ya akina mama wameishi na wanaume miaka mingi bila kuandikisha chochote. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ndoa ya kimila huandikishwa katika ofisi ya gombolola. Ardhi ya kimila nayo yaweza kupewa hati ya umiliki yenye majina ya wote wawili. Safari hizo mbili, ofisi ya ndoa na ofisi ya ardhi, ni sehemu ya kilimo sawasawa na kupanda na kupalilia.

Nawe, mwanafunzi, usidhani mambo haya ni ya watu wazima peke yao. Pengine wewe ndiwe pekee nyumbani unayeweza kusoma karatasi ya mauzo kabla haijatiwa kidole gumba. Likizo ijayo, waombe wazazi wako kwa adabu wakuonyeshe hati au makubaliano ya shamba mnalolima. Yasome polepole, uone yameandikwa majina ya nani. Iwapo jina la mama halimo, uliza kwa upole ni kwa nini, kisha uandike aya moja ya Kiswahili sanifu kuhusu jibu utakalopewa.