Minara ya Tenke Iwape Waokoaji Kipaumbele

Februari 2019, lori la asidi iliyokuwa ikipelekwa mgodini liligongana na basi karibu na Tenke, mkoani Lualaba nchini Kongo (DRC), na watu wapatao 20 wakafa. Machi 2022, treni ya mizigo iliyopakia abiria ilianguka upande wa Lubudi, ikaua zaidi ya 70. Tenke ndipo reli inapogawanyika, tawi moja likienda Kolwezi na Dilolo, jingine Kamina. Malori ya shaba na kobalti nayo hayakomi. Aliyemwagikiwa asidi anahitaji maji mengi papo hapo, na mwokoaji lazima ajue tangi limebeba nini kabla hajalikaribia. Lakini ajali ikitokea kila aliye karibu hupiga simu na kutuma video, na mnara wa simu hulemewa saa ileile daktari anapouhitaji.

New York iliona hatari ya mawasiliano ya waokoaji kushindwa Septemba 11, 2001: polisi wa helikopta walionya kwamba jengo la pili litaanguka, ila onyo halikuwafikia wazima moto wengi waliokuwa ndani. Mwaka 2012 Marekani ikaunda FirstNet, mamlaka ya mtandao wa waokoaji, na mwaka 2017 ikaipa kampuni ya AT&T masafa na fedha kwa sharti kwamba waokoaji watangulie mtandaoni. Sharti la namna hiyo ndilo ninalolidai Lualaba, kwa sababu linaanza na minara ya biashara iliyokwisha simama.

Watakaosema fedha hakuna wasome Kanuni ya Madini ya 2018: mkoa hupata asilimia 25 ya mrabaha, na eneo lenye mgodi asilimia 15. Hoja nzito zaidi ni kwamba hospitali zinahitaji magari ya wagonjwa kwanza. Kweli, yanunuliwe, lakini gari lisiloelekezwa huchelewa, na hospitali isiyopewa taarifa hupokea majeruhi bila kujiandaa. Wengine wanahofia serikali kusikiliza simu zao na kuwatoza ada mpya, nami siwalaumu: hadi 2022 wananchi walikatwa ada ya RAM, yaani ya usajili wa simu, kwenye simu zao bila kuona faida yake. Kwa hiyo sheria ikataze usikilizaji bila amri ya hakimu, na asitozwe mpiga simu hata faranga moja. ARPTC, mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini, ianzie barabara ya Likasi hadi Kolwezi, na kila mwaka itangaze hadharani ni wapi mawimbi yanakatika.