Kupima nyota si kazi ya matajiri peke yao

Mtu akisikia habari ya kuunganisha darubini kusudi kupima nyota, anafikiri Paranal, kule Chile: darubini 4 za mita 8.2 kila moja, mwangaza wao unachanganywa kwa vioo vyenye kusawazishwa kupita unene wa unywele. Ile pesa hatuna, tusidanganyane.

Lakini iko njia ingine. Mwaka 1956, Uingereza, Robert Hanbury Brown na Richard Twiss walipima upana wa nyota Sirius na vioo viwili vya projekta za jeshi. Ndiyo, zile taa za kutafuta ndege usiku wakati wa vita! Kwetu tungeziita mitraille. Mwangaza wa nyota unachezacheza kidogo sana. Vioo viwili vikiwa karibu, vinaona mchezo uleule. Ukivitenganisha, vinaanza kupingana. Urefu ambao vinapingana njo unakuambia nyota ina upana gani. Hauchanganyi mwangaza, unalinganisha courant ya umeme tu. Kwa hiyo kioo kinaweza kuwa kibaya-baya, lakini electronique iwe ya mbio sana.

Sasa njia ile imerudi, tena hapa Afrika. Kule Namibia, nchi ya migodi sawa yetu, darubini za H.E.S.S. ziliwekwa juu ya kazi ingine kabisa, na mwezi ukiwaka sana kazi ile inasumbuka. Mwaka 2022 wataalamu walichukua usiku wa namna hiyo, wakapima nyota Shaula katika kundi la Nge. Kwa sisi wa équipe ya usiku, mashine kutolala bure ni jambo tunaloelewa.

Mtaniuliza: nyota italeta unga? Yenyewe hapana. Lakini kijana mwenye kujua kuhesabu mwangaza kwa nanosekonde, yaani sekonde moja ukiigawa mara milioni elfu, hatashindwa na mashine za usine ambazo leo tunaitia fundi kutoka nje, analipwa mara nyingi kupita mwana-Likasi.

Code minier ya 2018 inaamuru makampuni kutoa angalau 0.3% ya mauzo kwa maendeleo ya wenyeji. Madarasa na visima, vizuri. Wanaokaa katika kamati zile waandike pia atelier moja ya electronique, na oscilloscope zake, kwa wanafunzi wa shule za ufundi na wa Université ya Likasi. Sindika tuko tayari kutoa wazee wa umeme wa pansheni wawafundishe.