Fundi simu aliyeandika historia ya filamu za Japani

Najua nimepotea, matesti yalinibana. Leo nina la moyoni, vumilieni.

Jana jioni pale kimbweta ulizuka ubishi. Nilikuwa nawasimulia wenzangu habari za Sato Tadao, mwanahistoria wa filamu na mwandishi wa insha wa Japani, aliyefariki Machi 2022 akiwa na miaka 91. Mmoja akauliza, "Alisoma chuo gani?" Nikajibu hakusoma chuo. Akacheka: "Sasa mwanahistoria kivipi? Huyo ni mpenzi wa sinema tu, kama mimi." Watu wakagonga tano. Mimi nikarudi chumbani nimenuna, maana jibu la haraka sikuwa nalo. Sasa ninalo.

Sato alizaliwa mwaka 1930 Niigata, mji wa bandari kaskazini magharibi mwa Japani. Akiwa na miaka 14 aliingia mafunzo ya urubani ya jeshi la majini. Agosti 1945 vita vikaisha kabla hajaenda kokote. Hebu fikirini kizazi hicho: jana unafundishwa kufa kwa ajili ya mfalme, leo watu wazima wale wale wanakufundisha demokrasia. Mtoto wa namna hiyo atamwamini mwalimu gani tena?

Baada ya vita alifanya kazi, ikiwemo ya ufundi simu, na usiku akasoma sekondari ya jioni. Nafasi ikipatikana, yuko sinema. Halafu akawa anaandika maoni yake na kuyatuma kwenye magazeti ya filamu, kwenye kurasa za wasomaji. Yaani kama sisi tunavyoandika hapa, bila kuombwa na mtu.

Mwaka 1954 jarida la Shiso no Kagaku lilichapisha insha yake kuhusu maadili ya wahuni waungwana, wale wacheza kamari wa kutangatanga kwenye filamu za zamani. Wasomi wengi walizidharau filamu hizo. Sato alizichukulia kwa uzito, kwa sababu aliona ndani yake namna watu wa kawaida walivyofikiri kuhusu heshima, deni na aibu. Mwanafalsafa Tsurumi Shunsuke akaisifu. Mwaka 1956 kikatoka kitabu chake cha kwanza, na baadaye akahamia Tokyo kuhariri jarida la filamu.

Tangu hapo hakusimama. Aliandika vitabu zaidi ya 100, jamani! Mwaka 1971 alitoa kitabu kuhusu Ozu Yasujiro, na humo hakuishia kusema "Ozu ni mtulivu, Ozu ni Mjapani halisi." Alikaa akahesabu mambo: kamera iko chini karibu na sakafu, haitembei, wahusika wawili wamekaa wakielekea upande mmoja, anayeongea ametazama mbele moja kwa moja. Ukishasoma hayo, kila filamu ya Ozu unaiona upya. Mwaka 1995 ikatoka historia yake ya filamu za Japani, majuzuu manne. Huwezi kuandika kazi ya namna hiyo kwa kudesa.

Tena hakuwa peke yake. Kuanzia mwaka 1973 yeye na mkewe Hisako walihariri na kuchapisha wenyewe jarida la utafiti wa historia ya filamu. Walizunguka pia Asia wakitafuta filamu, na toka 1991 hadi 2006 Sato aliongoza tamasha la filamu za Asia mjini Fukuoka. Filamu aliyoipenda mno ilikuwa Kummatty ya mwaka 1979, ya Aravindan wa Kerala, India, kuhusu mzee wa mazingaombwe anayegeuza watoto kuwa wanyama. Wakati wengi walikuwa wakitazama Hollywood na Paris, yeye alitazama kwa jirani.

Sasa turudi kwenye ubishi wetu. Nakubali upande wa pili una hoja. Japani hiyo hiyo ina Hasumi Shigehiko, profesa wa fasihi ya Kifaransa aliyekuja kuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Tokyo mwaka 1997. Naye aliandika kitabu kikubwa kuhusu Ozu, 1983, akisisitiza tutazame kilichopo kwenye kioo chenyewe kabla ya kukimbilia maelezo ya jamii na utamaduni. Hoja hiyo inamgusa Sato, kwa sababu yeye mara nyingi aliuliza kwanza filamu inasema nini kuhusu watu. Kwa hiyo sisemi digrii ni karatasi tu. Msisubiri niseme hivyo, bumu lenyewe nalitegemea!

Ninachosema ni kwamba swali la "alisoma wapi" linajibiwa na kazi. Alitazama, akaandika, akachapisha, wengine wakasoma na kubishana naye kwa miaka 60 na ushee. Hapo ndipo usomi unapopimwa. Na mwisho wa yote, huyu fundi simu mwaka 1996 akawa mkuu wa shule ya filamu iliyoanzishwa na mwongozaji Imamura Shohei, na ilipopandishwa kuwa chuo kikuu mwaka 2011, rais wake wa kwanza alikuwa yeye. Mtu ambaye hakuingia chuo akaongoza chuo. Kitabu chake kimoja alikipa jina ambalo kwa Kiswahili ni kama "Ilikuwa heri nilijisomea mwenyewe."

Hili linaniuma kwa sababu moja. Sisi wa ualimu, siku si nyingi tutasimama mbele ya watoto 80 darasani. Wengi wao hawatafika hapa kwenye kimbweta. Kama tumeshazoea kucheka kila asiye na chuo, tutawaambia nini siku matokeo yakitoka? Sato alibaki na gazeti lililokubali kusoma barua ya fundi. Mwalimu anaweza kuwa gazeti hilo. Mtoto aliyefeli mtihani akikuletea ukurasa mmoja juu ya filamu aliyoiona kwenye banda la video, usiutupe. Usome, umrudishie na swali moja, umwambie aandike tena.

Rafiki yangu uliyecheka jana, unajijua. Unasema na wewe ni mpenzi wa sinema kama Sato. Sawa kaka. Nasubiri ukurasa wako wa kwanza.

Wengine mnasemaje?