Ukurasa wa Mafundi: Mota Husingiziwa



Jumamosi moja kijana wa Katuba alinijia na uso wa huzuni. Mkononi alishika kibao kilichochorwa herufi zilizopotoka. Mfukoni alikuwa na fedha za Mtihani wa Serikali, ambazo mama yake alizipata kwa kuuza unga sokoni. Akaniambia: “Mwalimu, mota imekufa. Nataka kununua nyingine leo hii.”

Mashine yake ameiunda mwenyewe: mota mbili za printa kuukuu, vyuma vya kutelezea, mikanda yenye meno na vibao vidogo vya elektroniki. Kompyuta hutoa amri, nayo kalamu huandika juu ya ubao. Kazi ya namna hii si ndoto katika Afrika yetu. Mwaka 2013, huko Lomé, Kodjo Afate Gnikou wa Togo aliunda kwa mabaki ya kompyuta mashine ya kutengeneza vitu vya plastiki tabaka kwa tabaka. Mwaka ule ule roboti za kuongoza magari, zilizobuniwa na mhandisi Thérèse Izay Kirongozi, zilisimamishwa Kinshasa. Baadaye zikafika hata Lubumbashi.

Kabla ya kuihukumu mota, yafaa kujua tabia yake. Mota ya kawaida huzunguka mfululizo maadamu ina umeme. Mota ya hatua huenda hatua moja kwa kila amri. Nyingi zina hatua 200 katika mzunguko mmoja, yaani kila hatua ni digrii 1.8. Mfano wake ni kipofu aendaye kisimani kwa kuhesabu nyayo. Akisukumwa njiani, haoni. Huendelea na hesabu yake, akidhani amefika, kumbe yu kando ya kisima. Ndivyo zilivyo mashine nyingi za nyumbani: mota ikikosa hatua, kompyuta haina habari.

Basi nikamwambia kijana: “Mwanangu, weka fedha. Tupime kwanza.”

Jambo la kwanza ni nyaya. Mota yenye nyaya nne ina koili mbili za waya wa shaba, na kila koili ina nyaya mbili. Zima umeme, chomoa mota, kisha zungusha mhimili wake kwa vidole. Unganisha nyaya mbili, uzungushe tena. Mhimili ukiwa mgumu, nyaya hizo ni za koili moja. Ukibaki mwepesi, jaribu nyingine. Mota inayotetemeka bila kuzunguka mara nyingi imechanganyiwa nyaya, au waya mmoja umekatika. Lakini msichomoe kamwe mota wakati umeme ungali unapita! Mimi mwenyewe niliwahi kufanya hivyo kwa haraka, nikaunguza kibao cha kuiendesha. Mota ilikuwa nzima. Mjinga alikuwa mimi.

Jambo la pili ni nguvu na mwendo. Mota ikianza vema kisha ikakosa hatua, punguza mwendo. Ikipona, uliikimbiza mno. Isipopona, tazama umeme inaopewa: ukiwa mdogo, mota hulegea; ukiwa mwingi, kibao hupata joto kali na kujizima kwa kitambo, kisha huamka tena. Joto la mota peke yake si ugonjwa, kwa maana mota hizi hupata joto hata zikisimama.

Jambo la tatu ni hesabu. Ukiamuru sentimita 10, nayo ikachora 5 kila mara bila kubadilika, usiilaumu mota. Gurudumu la meno 20 na mkanda wenye nafasi ya milimita 2 kati ya jino na jino husogea milimita 40 kwa mzunguko. Ikiwa kibao hugawa kila hatua mara 16, mzunguko una amri 3,200, yaani amri 80 kwa kila milimita. Anayeandika 40 mahali pa 80 atapata nusu ya kazi yake.

Mota ya kijana ilishinda majaribio hayo yote. Ndipo tukachukua rula. Mstari wa kwanza ulihama milimita 1. Wa pili ukahama 3 zaidi. Wa tatu tena 3. Mkanda ukiruka, huruka jino zima, yaani milimita 2 au 4 au 6. Basi mkanda nao hauna hatia.

Mwisho nikampa rangi ya kucha ya dada yake. Akachora alama moja iliyonyoka, kuanzia kwenye mhimili wa mota hata kwenye gurudumu lake la meno. Tukaiendesha mashine robo saa. Tulipotazama, alama ilikuwa imekatika vipande viwili: mhimili umekwenda, gurudumu limebaki nyuma. Mota ilikuwa ikifanya kazi yake kwa uaminifu, lakini parafujo ndogo ya gurudumu ilikuwa imelegea!

Kijana alicheka hata machozi yakamtoka. Mhimili ulikuwa mviringo mtupu, hauna mahali pa parafujo kushika. Tukaifunga mota kwa kitambaa, ili unga wa chuma usivutwe na sumaku ndani, tukasugua mhimili kwa tupa upande mmoja hata ukawa bapa kidogo. Parafujo ikakazwa papo hapo. Jioni ile mashine iliandika mistari kumi, wala hata mmoja haukuhama.

Jumatatu fedha za mtihani zililipwa shuleni.

Enyi vijana wa mafundi, shikeni haya: badilini kitu kimoja tu kwa kila jaribio, mwandike katika daftari mlichokiona, na mnunue kitu kipya baada ya vipimo vyote. Chupa ya rangi ya kucha iliokoa mwaka mzima wa masomo. Na yule kijana hakuitupa alama yake: hata leo kila gurudumu la mashine yake lina mstari mwekundu, naye huutazama kila asubuhi kabla ya kuwasha umeme.