Gari changa, tairi zee

Hapa Mpumudde, Jinja, nawaona ndugu waliorejea kutoka ng'ambo wakiwa na magari ya mbio, rimu kubwa na matairi ya ubavu mfupi. Katika uwanja wa mashindano matairi hayo hufaa. Yakishapata joto hushika lami barabara. Njia ya Busia na Malaba ni habari nyingine: shimo moja hupinda rimu, na mvua ikinyesha tairi lenye mifereji michache huteleza.

Tangu 2018, sheria ya Uganda inakataza kuingiza gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi. Ni sawa. Lakini gari la miaka 8 laweza kuvalishwa matairi ya miaka 12, nayo mpira huzeeka hata ukikaa stoo.

Mimi niliponzwa na tairi la mtumba lililong'aa. Lilipasuka kabla sijafika Iganga.

Mfanyabiashara wa mpakani, kabla ya kulipa soma tarakimu nne ubavuni: 2319 ni wiki ya 23, mwaka 2019. Usipoziona, geuza tairi upande wa pili. Umri wa gari umewekewa sheria; wa tairi tuukague wenyewe.